Afya Jumatatu, Elimu Jumatano, Ngoma Ijumaa

Nyuma ya meza ya daktari, ukuta mzima ulikuwa umefunikwa na jedwali lililochorwa kwa rula na kalamu ya wino. Upande wa kushoto yaliandikwa majina ya familia, nyumba baada ya nyumba, kwa mpangilio uleule wa mtaa uliokuwa nje ya dirisha. Upande wa kulia walikuwepo watu wa kila nyumba, umri wao, na mbele ya kila jina namba ya Kirumi: I, II, III au IV. Pembeni, kwa wino mwekundu, wajawazito wote wa mtaa na wiki walizofikisha.

Tulikuwa wanasemina tuliobanana katika chumba kidogo cha zahanati ya mtaa, mjini Havana, Kuba, kila mmoja na daftari lake. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alieleza kazi yake kwa ufasaha wa mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi. Anaishi ghorofa ya juu ya zahanati hiyohiyo. Asubuhi hupokea wagonjwa, mchana huwafuata watu majumbani. Mjamzito asipofika kliniki, jioni yake hodi itapigwa mlangoni kwake.

Mwenzetu mmoja, muuguzi kwa taaluma, akanyoosha mkono.

"Daktari, mama anaweza kukataa kutembelewa?"

Mkalimani akatafsiri. Daktari akamtazama muuguzi wake, akatutazama sisi, kisha akauliza kwa mshangao usio na hila:

"Kwa nini akatae?"

Watu wakacheka. Tukapiga picha ya pamoja, tukapanda basi.

Majuma yamepita na swali lile bado linanizungukia. Sikulisikia kama kitisho, wala daktari yule sikumwona kama mtu anayeficha jambo. Nadhani alisema kweli kuliko wahadhiri wote waliotuhutubia juma lile, na hakuna aliyeandika chochote.

## Ratiba

Aliyewahi kuhudhuria semina ya kitaaluma kuhusu nchi ya watu anaijua ratiba hata kabla haijachapishwa. Asubuhi mhadhara, mchana ziara, jioni maswali. Kuba imepokea semina za namna hii kwa miongo mingi. Maprofesa, wanafunzi wa uuguzi, walimu na watu wa vyama vya wafanyakazi huja na fumbo moja: nchi maskini, iliyowekewa vikwazo na Marekani tangu mwaka 1962, iliwezaje kuwa na takwimu za afya na elimu za nchi tajiri? (Wamarekani wana sababu ya ziada. Sheria za kwao haziwaruhusu kwenda Kuba kustarehe tu, lakini shughuli za elimu zimo katika makundi 12 ya safari yanayokubalika. Kwao semina ni masomo na ni ruhusa ya kusafiri, vyote kwa pamoja.)

Ratiba yetu ilifuata mkondo huo. Afya ilianza kwa sababu ndiyo inayong'aa. Elimu ikafuata. Jamii ikawekwa mwishoni, Ijumaa mchana, watu wamechoka na mizigo imeanza kufungwa. Na "jamii" yenyewe ikawa mhadhara mfupi kuhusu dini zenye asili ya Kiyoruba, ziara ya karakana ya mchoraji, kisha ngoma.

Sina ugomvi na ngoma. Wapigaji walikuwa hodari na nilicheza.

Lakini nilipokuja kusoma daftari langu nikaona kitu. Chini ya Jumatatu niliandika: daktari anajua kila nyumba. Chini ya Jumatano: mwalimu anajua kila mtoto na wazazi wake. Kote kuwili kuna neno "anajua", na hakuna kikao kilichouliza alijuaje, nani alimpa haki ya kujua, na mjuaji mwingine ni nani. Swali hilo lilikuwa la Ijumaa. Ijumaa tulicheza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Zahanati ile ilikuwa na rangi mpya, na sikuona ubaya. Nani asiyefagia ua akisikia wageni wanakuja? Rangi haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba hata ukuta usingepakwa rangi, bado tungeondoka na picha iliyokatwa vipande vitatu, na kipande kinachoviunganisha vingine kikiwa kimepewa saa chache za mwisho.

## Orodha moja

Mpango wa daktari na muuguzi wa familia ulianza mwaka 1984 katika mtaa wa Lawton, Havana. Ulikuta tayari kuna polikliniki za maeneo, zilizojengwa baada ya pigo ambalo nchi nyingine lingeiangusha: kati ya madaktari wapatao 6,000 waliokuwepo mwaka 1959, karibu nusu waliondoka miaka iliyofuata mapinduzi. Dola ikaanza kufundisha wapya karibu kutoka sifuri.

Zile namba za Kirumi ukutani ndizo moyo wa mpango. I ni mtu anayeonekana mzima. II yuko hatarini, kwa mfano mvutaji sigara. III ana ugonjwa. IV anaishi na ulemavu au athari ya kudumu. Kila mkazi huwekwa mahali pake na kila mkazi hutembelewa, hata yule asiyeumwa, ambaye naye huonwa walau mara moja kwa mwaka. Kwa mtu aliyezoea kwamba hospitali ni mahali unapokwenda ukizidiwa, huu ni ulimwengu mwingine.

Sasa rudi nyuma kidogo. Septemba 1960 ziliundwa Kamati za Ulinzi wa Mapinduzi, mtaa kwa mtaa, na kazi yao ilikuwa wazi: kuangalia nani anaingia, nani anatoka, nani anapanga nini. Mwaka 1962 Kuba ilipoanza kampeni yake ya kwanza ya taifa ya chanjo ya polio, walioshika orodha za watoto na kupita nyumba kwa nyumba walikuwa wanakamati haohao. Ugonjwa ukatokomezwa kabla ya nchi nyingi za bara lile.

Orodha ya walinzi ilikuwa ndiyo orodha ya chanjo.

Katika semina, jambo hili lilitajwa Jumatatu kama mfano wa "ushirikishwaji wa jamii". Siku zilizofuata halikurudi. Ningependa lingerudi kila siku, kwa sababu lina pande mbili na zote ni za kweli. Miaka ya mwanzo ya tisini, baada ya Muungano wa Kisovyeti kusambaratika na chakula kupungua, zaidi ya Wakuba 50,000 walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Wengi walififia macho, wengine miguu ikafa ganzi. Lishe duni ilikuwa kiini kikubwa. Mwaka 1993 serikali ikagawa vidonge vya vitamini kwa nchi nzima, na vilipitia kwa madaktari wa familia. Dola iliyokuwa imefilisika iliweza kumfikia kila mtu mlangoni kwake. Nchi ngapi zenye fedha zinaweza?

Hapo ndipo nilipoanza kujibishana na nafsi yangu. Muuguzi aliuliza kuhusu haki ya kukataa. Lakini haki ya kukataa hodi ina uzito gani kwa mtu ambaye daktari hajawahi kumpigia hodi maishani mwake? Je, swali letu halikuwa anasa ya watu walioshiba?

Nililala na wazo hilo siku kadhaa. Lina nguvu, na bado sijalimaliza.

## 4.0

Kisha kuna namba. Hakuna semina ya Kuba isiyokuwa na slaidi hii: mwaka 2017 vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilikuwa 4.0 kwa kila vizazi hai 1,000, wakati Marekani ilikuwa karibu na 5.8. Slaidi inapotokea, ukumbi huguna kwa heshima. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeithibitisha Kuba kuwa nchi ya kwanza kukomesha maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hizi si hadithi za kutunga.

Ila wachumi waliochunguza takwimu hizo walikuta jambo la ajabu. Kwa kawaida vifo vya mimba zilizokaribia kukomaa na vifo vya juma la kwanza baada ya kuzaliwa huenda pamoja, kwa sababu vyanzo vyake vinafanana. Katika nchi walizolinganisha, vya kwanza ni kati ya mara moja na mara tatu ya vya pili. Kuba ni mara sita hivi. Tafsiri yao ni kwamba baadhi ya watoto waliozaliwa wakafa mapema waliandikwa kuwa walifia tumboni, na mtoto aliyefia tumboni haingii katika ile 4.0.

Wakafanya hesabu upya, namba ikapanda. Hata ilipopanda, Kuba ilibaki mbele sana ya majirani wake kama Haiti na Jamhuri ya Dominika. Kwa hiyo anayetaka kusema "yote uongo" hana pa kusimama. Anayetaka kusema "4.0, basi" naye hana.

Kuna njia nyingine ya kushusha namba, nayo haihitaji kudanganya karatasi. Utoaji mimba hospitalini ni halali na bure tangu miaka ya sitini. Vipimo vya kasoro za kijusi ni vya lazima kwa desturi, kama si kwa sheria. Tangu 1962 zipo nyumba za wajawazito, ambapo mama mwenye mimba ya hatari huishi karibu na hospitali hadi ajifungue, analishwa na kupimwa. Mwanzoni zilikuwa za wanawake wa milimani walioishi mbali na barabara, na ziliokoa wengi. Watafiti waliokaa na madaktari wa mitaani wameandika pia kuhusu upande wa pili: mama anayeshauriwa kwa msisitizo aitoe mimba isiyo na matumaini, mama anayeambiwa aende nyumba ya wajawazito huku watoto wake wengine wamebaki peke yao, daktari anayejua kwamba kifo kimoja katika eneo lake kitamletea tume ya uchunguzi.

Daktari aliyewajibika kwa namba atapiga hodi kwa bidii. Na akigonga kwa bidii, watoto wengi watapona. Na mlango utakuwa mgumu kufungwa. Hizi sentensi tatu nimejaribu kuzitenganisha, zimekataa.

## Los Cocos

Tulipita kwa gari karibu na Santiago de las Vegas, kusini mwa Havana, na mwongozaji hakusema kitu. Hapo ndipo penye sanatoria ya Los Cocos, iliyofunguliwa mwaka 1986. Aliyepimwa akakutwa na VVU alipelekwa pale, atake asitake, akae. Alipata mshahara wake, chakula kizuri, dawa zilizokuwepo, bustani. Hakupata ruhusa ya kurudi kwake kwa hiari yake. Utaratibu wa lazima ulilegezwa mwaka 1993.

Maambukizi ya Kuba yalibaki kuwa ya chini sana katika ukanda wa Karibi. Mjadala wa kama sanatoria ndiyo iliyofanya kazi, au ni upimaji na ufuatiliaji kwa jumla, haujaisha.

Lakini kinachonikaa moyoni ni kingine. Katika miaka ile ya njaa baadhi ya vijana wapenzi wa muziki wa roki, waliochoka kusumbuliwa na polisi, walijidunga damu yenye virusi kwa makusudi ili wapelekwe sanatoria. Ndani kulikuwa na chakula, na ndani waliachwa wapige muziki wao. Wengi walikufa.

Habari hii ungeiweka siku gani? Afya? Jamii? Ni zote mbili, na ndiyo maana haikuwekwa popote.

## O, E, A

Upande wa elimu tulipelekwa kwenye jumba la makumbusho la kampeni ya kisomo, huko Ciudad Libertad, mahali palipokuwa kambi kuu ya jeshi enzi za Batista, mtawala aliyeangushwa na mapinduzi. Mwaka 1961 shule zilifungwa kwa miezi kadhaa, vijana wapatao 100,000 wakaenda mashambani na milimani kufundisha watu wazima kusoma, wengi wao wasichana ambao hawakuwahi kulala nje ya nyumba ya baba. Watu zaidi ya 700,000 walijifunza. Kwa hesabu ya serikali, wasiojua kusoma wakashuka kutoka asilimia 23.6 hadi 3.9. Mtihani wa mwisho wa kila mwanafunzi ulikuwa kuandika barua kwa Fidel Castro, na barua hizo zimehifadhiwa. Mwandiko wa mtu mzima aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza ni mzito. Herufi zinaegemeana kama zinaogopa kuanguka. Nilisimama pale muda mrefu.

Kitabu cha kusomea kimewekwa chini ya kioo. Somo la kwanza linafundisha irabu kwa herufi za kifupi cha Shirika la Nchi za Amerika kwa Kihispania, OEA. Somo la pili ni kifupi cha Taasisi ya Mageuzi ya Ardhi, INRA. Mkulima alijifunza O, E na A huku akijifunza nani rafiki na nani adui wa nchi yake. Mwaka uleule Aprili wavamizi waliofadhiliwa na Marekani walitua Ghuba ya Nguruwe. Novemba mwalimu wa kujitolea wa miaka 16, Manuel Ascunce, aliuawa milimani Escambray na wapinzani wa mapinduzi. Kufundisha irabu kulikuwa kazi ya vita, pande zote zikijua hivyo.

Mwongozaji aliyapita haya haraka, akatupeleka kwenye taa za mafuta walizobeba vijana. Taa ni nzuri kwa picha.

Miaka mingi baadaye, 1997, UNESCO ilipima watoto wa darasa la tatu na la nne katika Amerika ya Kilatini, na wa Kuba wakawaacha wenzao mbali mno. Martin Carnoy, mwanauchumi wa elimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikwenda na wenzake kurekodi video za masomo ya hesabu Kuba, Chile na Brazili ili kuona siri iko wapi. Waliona walimu waliofundishwa vizuri kufundisha mtaala mmoja, wanaosimamiwa kwa karibu, wanaobaki na darasa lilelile miaka kadhaa. Hayo unaweza kuyaiga. Waliona pia watoto wasiofanya kazi za kujikimu, mitaa isiyo na bunduki, na wazazi wasio na uwezo wa kuchagua shule au kuhama ovyo. Hayo huwezi kuyafunga kwenye sanduku ukaondoka nayo.

Na kuna sehemu ya mishahara, ambayo kwangu ndiyo ufunguo. Ualimu ulivuta vijana wenye akili kwa sababu hakukuwa na kazi nyingine iliyolipa zaidi. Mshahara wote ulitoka dirisha moja. Utalii ulipofunguliwa miaka ya tisini, mhudumu wa hoteli akaanza kupata kwa bakshishi za siku chache kuliko mwalimu kwa mwezi. Walimu wakaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikalazimika kuwaingiza madarasani vijana waliopikwa haraka, wakisaidiwa na masomo ya televisheni. Ubora wa darasa ulikuwa umejengwa juu ya ukosefu wa mlango wa kutokea. Mlango ulipofunguka kidogo, darasa likatikisika.

Mhadhiri wa Jumatano alikuwa na chati ya mwaka 1997. Ya bakshishi hakuwa nayo.

## Waliokuwa nje ya ukumbi

Dereva wa teksi aliyenirudisha hotelini usiku mmoja alikuwa mwalimu wa fizikia. Hakunieleza kwa masikitiko. Alieleza kama mtu anavyotaja kijiji alichozaliwa. Mwaka 2021 serikali iliunganisha sarafu zake mbili na kuweka dola moja kwa peso 24. Kufikia 2024, mtaani dola ilikuwa imepita peso 300. Mshahara wa peso unaweza kuupigia hesabu mwenyewe.

Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba kati ya 2021 na 2022 nchi ilipoteza madaktari zaidi ya 12,000. Vifo vya watoto wachanga, vilivyokuwa 4.0, vilipanda hadi 7.6 mwaka 2021. Mwisho wa 2023 ofisi ya takwimu ilitangaza watu milioni 10 na ushei kidogo, kutoka zaidi ya milioni 11 miaka michache kabla. Ni wengi mno kuondoka katika kisiwa kisichokuwa na vita.

Kuondoka nako kuna historia yake. Kuba imetuma madaktari nje tangu ilipopeleka kundi Algeria mwaka 1963. Mwaka 1999 ilifungua Havana shule ya udaktari kwa vijana maskini wa Amerika ya Kilatini na kwingineko, katika majengo yaliyokuwa chuo cha wanamaji. Wasomaji wa Kenya waliwaona madaktari wao mwaka 2018, na hawahitaji kukumbushwa kilichotokea Mandera mwaka uliofuata, wawili wao walipotekwa nyara. Katika mpango wa Brazili, ambao Kuba iliuvunja Novemba 2018 ukiwa na madaktari wake zaidi ya 8,000, sehemu kubwa ya malipo ilikwenda serikalini na daktari akabaki na sehemu ndogo. Anayetoroka kituo chake hufungiwa kurudi nyumbani kwa miaka minane. Semina yetu iliita haya "mshikamano wa kimataifa". Kijijini Amazonia, kwa mgonjwa ambaye hakuwahi kuona daktari, lilikuwa jina sahihi. Kwa daktari aliyekosa mazishi ya mama yake, sijui angesemaje, hakualikwa.

## Vikwazo

Kila jioni ya maswali ilifikia hapahapa. Mmoja anauliza kwa nini famasi ni tupu. Upande mmoja wa ukumbi unajibu: vikwazo. Upande mwingine unanong'ona: mfumo. Kisha wote wanatulia, kila mtu na jibu alilokuja nalo.

Mimi naona ni uvivu wa pande zote. Vikwazo ni halisi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inawabana hata wafanyabiashara wa nchi nyingine, na benki zinazoogopa faini hukataa kupitisha malipo ya dawa. Mashamba yasiyotoa chakula kwa sababu mkulima hulazimishwa kuuza kwa bei iliyopangwa na serikali nayo ni halisi. Semina nzuri ingechukua dawa moja tu, insulini kwa mfano, ikaifuata kutoka kiwandani hadi mkononi mwa mgonjwa, ikaonyesha ilipokwama na nani aliikwamisha. Pengine ingekwama mahali pawili. Ingetuchukua siku nzima, na hakuna ambaye angepata nafasi ya kuhutubia.

## Ratiba nyingine

Nilimwandikia mratibu wa semina nikapendekeza mpangilio mwingine.

Siku ya kwanza ingekuwa ya jamii. Tungeanza na daftari la mgao wa chakula lililopo tangu 1962, kinachoandikwa humo na kinachopatikana dukani, na tungekaa na mtu aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, atueleze alivyoitunza orodha yake na nani alikuja kuiomba. Elimu ingefuata, ikiwa na chati ya 1997 na ya bakshishi ubao mmoja. Afya ingekuja mwisho, tukiwa tayari tunajua daktari yule anaishi katikati ya nini.

Na katika siku ya afya ningeomba kikao kimoja ambacho sijawahi kukiona kwenye ratiba yoyote. Kuba kila kifo cha mtoto mchanga huchunguzwa na tume. Ni jambo ambalo nchi nyingi zingepaswa kulionea wivu. Ningeomba tukae na mtu aliyewahi kuwa katika tume hiyo, bila kutajiwa jina la familia wala la eneo, atupitishe katika kesi moja mwanzo hadi mwisho: mtoto alizaliwa wiki ya ngapi, nani alijaza fomu, fomu ilikuwa na visanduku gani, nani aliamua kijazwe kipi, na mwezi uliofuata daktari wa eneo lile alikuwa wapi.

Mratibu alinijibu siku hiyohiyo, kwa adabu. Alipenda wazo la kuanza na daftari la mgao. Kuhusu tume alisema wenyeji hawatakubali, na kwamba kuomba tu kunaweza kuharibu mwaliko wa mwaka ujao. Nimemwandikia tena. Nimemwambia aombe, na wakikataa atuandikie kwenye ratiba, saa nne asubuhi, kikao cha tume: kimeombwa, hakikuruhusiwa. Bado sijapata jibu.